Zaka na Sadaka

Karibu na Arusha, mahali paitwapo Tengeru, pana makaburi ya Wapolandi. Watu hawa waliletwa Tanganyika kuanzia mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto, baada ya kung'olewa makwao na serikali ya Kisovieti, kupelekwa Siberia na Asia ya Kati, na kutoka huko kupitia Uajemi hata wakafika pwani ya Afrika. Walijengewa vibanda vya duara, kanisa, shule na hospitali, na idadi yao ikakaribia 5,000. Wakati wa vita walitunzwa kwa fedha za serikali. Vita vilipokwisha mzigo wao ukahamia katika vitabu vya hesabu vya mashirika ya mataifa. Basi, miaka mingi kabla ya Mwafrika kuandikwa mkimbizi katika vitabu hivyo, ardhi ya Afrika ilikuwa imekwisha kuwapokea wakimbizi wa Ulaya, na swali la nani awalishe lilikuwa limekwisha kuulizwa na kujibiwa. Jibu la wakati ule halikuwa sawa na jibu la leo, na katika tofauti ya majibu hayo mawili ndimo ilimo historia ya jambo ambalo siku hizi huitwa uchovu wa wahisani.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti ya zaka na sadaka. Zaka ina kipimo chake na wakati wake, na asiyeitoa ana deni hata kama hakuna amdaiye. Sadaka hutoka moyoni. Huja moyo unapopenda, hupungua moyo unapopoa, na aliyeizuia hana kesi ya kujibu mbele ya mtu. Mambo yote mawili ni mema, lakini hakuna mwenye busara ajengaye kisima cha kijiji kwa kutegemea sadaka ya mpita njia. Umoja wa Mataifa una mifuko ya namna hizo mbili: mmoja wa mchango uliopimwa, ambao kila nchi hutakiwa kuulipa kwa kadiri ya uwezo wake, na mwingine wa hiari. Wakimbizi walitiwa katika mfuko wa pili tangu siku ya kwanza. Walinzi wa amani walianza katika wa kwanza, kisha wakasukumwa huku na huko kati ya yote miwili.

Mwanzo haukuwa hivyo. Mataifa 44 yalipounda shirika la UNRRA mjini Washington, Novemba 1943, ili kuzisaidia nchi zilizoharibiwa na vita, yalipendekeza kipimo kilicho wazi: kila nchi ambayo haikukanyagwa na majeshi ya adui itoe asilimia moja ya pato lake la taifa la mwaka mmoja. Hiyo ilikuwa zaka hasa. Kwa njia hiyo zilipatikana takriban dola bilioni 3.7, na katika hizo Marekani peke yake ilitoa takriban bilioni 2.7. Walakini mtoaji mkubwa hakukawia kunung'unika. Sehemu kubwa ya vyakula na mashine ilikwenda katika nchi za Ulaya ya Mashariki zilizokuwa zikiangukia upande wa Kisovieti, na wabunge wa Marekani hawakuona sababu ya kuwalisha watu ambao kesho yake wangehesabiwa adui. Kazi ya UNRRA katika Ulaya ilikoma mwaka 1947. Likafuata shirika la IRO, ambalo nalo lilikuwa na vipimo vya michango kwa wanachama wake, lakini wanachama walikuwa 18 tu, na zaidi ya nusu ya gharama ilibebwa na Marekani. Shirika hilo liliwahamishia watu zaidi ya milioni moja katika makao mapya, kisha katika mwanzo wa mwaka 1952 likafunga milango.

Ilikuwa katika hali hiyo ya kuchoka ndipo ilipoandikwa hati ya ofisi ya Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, Desemba 14, 1950. Jambo hili yapasa litazamwe vizuri, maana aghalabu husemwa kwamba wahisani walichoka baadaye, baada ya kutoa kwa miaka mingi. Hati yenyewe inasema vingine. Iliamuru kwamba Umoja wa Mataifa ulipe gharama za uendeshaji wa ofisi tu, na kila kitu kingine kitokane na michango ya hiari. Tena Kamishna hakuruhusiwa kuziomba serikali fedha pasipo kibali cha Baraza Kuu. Ofisi ilipewa umri wa miaka mitatu, kama kwamba ukimbizi ni homa ambayo ina siku zake za kupona. Bajeti yake ya kwanza ilikuwa kiasi cha dola 300,000. Kamishna wa kwanza, Mholanzi Gerrit Jan van Heuven Goedhart, alipotaka kuwasaidia watu waliosalia katika makambi ya Ulaya, hakupewa na serikali. Fedha za kwanza za maana, karibu dola milioni 3, zilitoka mwaka 1952 katika mfuko wa Ford, yaani mali iliyotokana na tajiri wa motokaa. Mwaka 1954 ofisi yake ilitunzwa Nishani ya Nobel ya Amani, na umri wake ukaongezwa miaka mitano, kisha mitano tena, hata mwaka 2003 ndipo kikomo kilipofutwa. Lakini kile kifungu cha hiari hakikufutwa. Ofisi hiyo ni mtoto aliyezaliwa na wazazi waliokwisha kuchoka, akalelewa kwa kukopakopa, na leo hulaumiwa kwa tabia ya kuomba.

Upande wa walinzi wa amani safari ilianza kwa zaka. Jeshi la kwanza la Umoja wa Mataifa lilipelekwa Misri Novemba 1956, baada ya Israeli, Uingereza na Ufaransa kuishambulia nchi hiyo kwa sababu ya mfereji wa Suez. Baraza Kuu likaamua kwamba gharama zigawanywe kwa wanachama wote. Serikali ya Kisovieti ikakataa, ikisema kwamba aliyebomoa nyumba ndiye aijenge, wala si jirani. Neno hilo lilikuwa na ladha ya haki, na nchi za Kiarabu nazo zililishika. Lakini Suez ilikuwa rasharasha. Gharika ilikuwa Kongo.

Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku chache baadaye askari wake waliasi, majeshi ya Ubelgiji yakaingia pasipo kualikwa, na Julai 11 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Julai 14 Baraza la Usalama lilimpa Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, ruhusa ya kupeleka jeshi. Walikuja Wahabeshi, Waghana, Wanigeria, Watunisia, Wamoroko, Wahindi, Waairishi, Waswidi na wengineo, hata wakakaribia 20,000. Gharama yao ilifika takriban dola milioni 10 kwa mwezi, nayo ilizidi bajeti nzima ya kawaida ya Umoja wa Mataifa. Mtu aweza kufikiri mwenye nyumba ambaye ameajiri mlinzi kwa mshahara unaozidi mapato yake yote, na nusu ya jamaa waliomshauri amwajiri wameondoka barazani kabla ya kahawa kuletwa.

Huko Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi na ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko lake, mifuko yote miwili ilikutana katika uwanja mmoja. Katika Agosti na Septemba 1961 Waluba kwa makumi ya maelfu, wakiogopa askari wa Tshombe, walihama nyumba zao wakajibanza karibu na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Askari waliotumwa kulinda amani wakajikuta walezi wa wakimbizi: kuwatafutia maji, kuwagawia chakula, kuwachimbia vyoo, na kuamua ugomvi wao. Hapakuwa na kifungu chochote kilichotabiri kazi hiyo. Mwezi huo huo wa Septemba, Hammarskjöld alikufa katika ndege iliyoanguka karibu na Ndola, akiwa safarini kwenda kuonana na Tshombe.

Mrithi wake, U Thant wa Burma, alikuta sanduku tupu. Desemba 20, 1961, Baraza Kuu lilimruhusu auze hati za mkopo za dola milioni 200, zenye faida ya asilimia mbili, zilipwe kwa miaka 25. Umoja ulioundwa ili kuamua vita na amani ya dunia ukaenda sokoni kukopa kama mfanyabiashara wa kawaida, na hata hivyo hati zilizonunuliwa hazikufikia jumla hiyo. Mahakama ya Kimataifa iliulizwa kama gharama za Suez na Kongo ni deni la wanachama wote. Julai 20, 1962, kwa kura 9 dhidi ya 5, ikajibu kwamba ndiyo. Urusi ya Kisovieti ilikataa kulipa, na Ufaransa pia ilikataa. Moja lilikuwa dola la kikomunisti na jingine mshirika wa magharibi. Hayakupatana katika mengi, walakini yalipatana katika hili, kwamba Baraza lenye nchi nyingi ndogo lisiweze kuchukua fedha za wakubwa pasipo ridhaa yao.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa unasema kwamba nchi yenye deni la miaka miwili itapoteza kura yake katika Baraza Kuu. Kikao cha kumi na tisa kilipofunguliwa Desemba 1964, chini ya uenyekiti wa Alex Quaison-Sackey wa Ghana, Mwafrika mweusi wa kwanza kukaa katika kiti hicho, kila mtu alikuwa akingoja aone kama kifungu hicho kitatumika. Kikatafutwa cha kuepa: kikao kikaendeshwa karibu chote pasipo kupiga kura, ili isijulikane nani anayo kura na nani hana. Zambia, iliyokuwa na umri wa majuma machache, iliingizwa katika Umoja wa Mataifa kwa namna hiyo, kwa kukubaliana bila kura. Agosti 1965 mjumbe wa Marekani, Arthur Goldberg, alitangaza kwamba nchi yake haitashikilia tena kifungu kile, akaongeza kwamba Marekani nayo itajihifadhia haki ya kukataa siku ikiona sababu. Maneno hayo ya mwisho hayakupewa uzito mkubwa wakati ule. Yalikuja kuwa na uzito baadaye.

Matokeo yake yalionekana upesi katika Kupro. Jeshi lililopelekwa huko Machi 1964 liliwekwa juu ya michango ya hiari, kwa kuwa hakuna aliyetaka ugomvi wa Kongo urudi. Hiari hiyo iliendelea miaka 29. Kila baada ya miezi sita jeshi liliongezewa muda, na kila mara michango ilipungua kuliko gharama, hata nchi zilizopeleka askari zikawa zinadai takriban dola milioni 200. Hapo ndipo mtu aonapo nani hasa huchoka. Waliochoka kwanza hawakuwa wale waliokuwa hawatoi, bali wale waliokuwa wakitoa watu na fedha pamoja: Denmark iliondoa kikosi chake, na Kanada, iliyokaa huko tangu mwanzo, ikaondoa chake mwaka 1993. Mwaka huo huo Baraza la Usalama likaihamisha Kupro, kwa sehemu kubwa, kwenye mfuko wa lazima. Majeshi mengine tangu mwaka 1973 yalikuwa yamekwisha kupewa kipimo maalumu, ambacho nchi tajiri na zenye kiti cha kudumu hulipa zaidi. Lakini hata zaka hugeuka sadaka mikononi mwa asiyeogopa kudaiwa. Mwaka 1994 Marekani ilijitungia sheria ya kutolipa zaidi ya asilimia 25 ya gharama za kulinda amani, ingawa kipimo chake kilikuwa juu ya hapo, na tofauti ikawa deni ambalo limelipwa mara nyingine na kulimbikizwa mara nyingine.

Sasa yafaa kurudi Tanganyika, maana huko ndiko mfuko wa hiari ulikopimwa kwa muda mrefu kuliko pengi.

Wanyarwanda walianza kuvuka mpaka baada ya machafuko ya mwaka 1959, na serikali mpya ya Tanganyika ikawakuta Ngara na Karagwe. Kuanzia mwaka 1964 wakaja watu wa Msumbiji upande wa kusini, wakiikimbia vita ya Wareno. Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuitumia, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, methali ambayo kila nyumba ya Waswahili huijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuwa akisema juu ya wakimbizi. Lakini siasa ya nchi juu ya wakimbizi ilitoka katika methali hiyo kana kwamba ilitungwa kwa ajili yao. Mkimbizi alipewa posho mpaka mavuno yake ya kwanza, na baada ya hapo jembe.

Walipokuja Warundi mwaka 1972, baada ya mauaji ya kutisha katika nchi yao, methali hiyo ilitekelezwa kwa ukubwa usio na mfano. Wapatao 150,000 walikaa Tanzania. Yalifunguliwa makazi ya Ulyankulu katika Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na mwaka 1978, watu wa Ulyankulu walipozidi maji na ardhi yao, Mishamo. Ulikuwa mkataba wa watatu: serikali ilitoa ardhi, Shirika la Wakimbizi lilitoa fedha, na shirika la misaada la Walutheri likafanya kazi. Pori la miombo lilifyekwa, visima vikachimbwa, shule zikajengwa; na kabla ya miaka mingi kupita wakimbizi hao walikuwa wakijilisha, wakiuza mahindi na tumbaku, na wakilipa kodi. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, na Shirika likafunga kitabu.

Kitabu hicho kina kasoro moja. Fedha za wahisani ziliandikwa ndani yake mpaka senti ya mwisho. Ardhi haikuandikwa bei. Misitu iliyofyekwa, barabara zilizokanyagwa na malori, walimu na waganga walioajiriwa na serikali, yote hayo hayakuitwa mchango. Kwa hiyo katika orodha za wahisani nchi tajiri zilisimama juu, na Tanzania haikuonekana ila kama mahali ambapo hisani hufanyikia. Na kitabu kilipofungwa, mashine za maji ziliendelea kuzeeka. Madaraja na mabomba havikujua kwamba mradi umekwisha kufanikiwa.

Nchi za Afrika zililiona jambo hilo, zikajaribu kulieleza. Mkutano wa Arusha wa Mei 1979 ulizungumza juu ya kugawana mzigo, si juu ya kusaidiwa tu. Aprili 1981 ukafuata mkutano mkubwa wa Geneva. Waafrika walipeleka mahitaji ya zaidi ya dola bilioni moja, wakaahidiwa takriban milioni 560, na sehemu kubwa ya ahadi hizo ilikuwa imekwisha kuandikiwa kazi ambazo watoaji walizipenda wenyewe, hasa chakula na huduma za siku hizo. Barabara na hospitali za wenyeji zilipata kidogo. Mkutano wa pili, Julai 1984, ulikuja na miradi 128 iliyopangwa vema, kila mmoja na gharama yake. Lakini mwaka ule njaa ya Uhabeshi ilijaza macho ya dunia, na mtoto afaye kwa njaa mbele ya kamera hawezi kushindana na daraja la Mpanda. Miradi mingi ilibaki karatasini. Yamkini hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Ndiyo tabia ya sadaka: huufuata uso, wala haifuati hesabu. Katikati ya mikutano hiyo miwili, mwaka 1983, Nyerere alitunzwa nishani ya Nansen kwa ukarimu wa nchi yake.

Miaka kumi baadaye sura nyingine ilionekana. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja na usiku wake, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji katika juma moja. Safari hii fedha zilikuja kwa wingi, pamoja na magari meupe, bendera na waandishi wa habari. Wenyeji wa Ngara walikodisha nyumba zao kwa bei wasizozipata kuota, wakati huo huo wakitazama miti yao ikiishia mekoni mwa wageni. Lakini wingi huo ulikuwa na muda wake. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo wauaji waliojificha, wahisani wakaanza kuona haya ya kuwalisha, na Tanzania ikaanza kuhesabu hasara. Machi 1995 mpaka wa Burundi ulifungwa. Desemba 1996 lilitolewa tangazo, kwa jina la serikali na la Shirika la Wakimbizi pamoja, kwamba Wanyarwanda wote warudi kabla ya mwaka kwisha. Karibu 500,000 wakarudishwa, na askari wakiwasindikiza. Mwaka 1998 sheria mpya ya wakimbizi ilitungwa. Kuanzia hapo mkimbizi alitakiwa kukaa kambini, na kutotoka zaidi ya kilomita nne pasipo kibali.

Si haki kuisema sheria hiyo kwa ubaya pasipo kutaja kwamba nchi hiyo hiyo ilifanya jambo ambalo mataifa tajiri hayakulithubutu. Mwaka 2007 Warundi wa mwaka 1972, wakiwa sasa wazee na wajukuu, waliulizwa kama wanataka kurudi au kuwa raia. Wengi wao walichagua uraia, na takriban 162,000 wakakubaliwa. Mpango ulikuwa kuwahamisha katika mikoa mbalimbali, kwa fedha zilizotarajiwa kutoka nje. Fedha hazikutosha, na mikoa nayo haikuwa tayari. Mwaka 2011 uhamisho ulisimamishwa, na watu walioahidiwa uraia wakakaa miaka bila vyeti, wasiweze hata kupanda zao la muda mrefu kwa kutojua kama kesho wataambiwa waondoke. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Miezi sita tu baadaye Burundi ilichafuka tena, na wakimbizi wapya wakaanza kuvuka kuja Kigoma.

Hao wapya waliikuta Tanzania nyingine na wahisani wengine. Makambi ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli yalijaa. Katika Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula lilitangaza kwamba posho imeshuka hadi asilimia 62 ya kipimo cha kalori 2,100 kwa siku. Mwezi huo huo serikali ilizuia jaribio la kuwapa wakimbizi fedha taslimu wanunue chakula sokoni. Januari 2018, chini ya Rais John Magufuli, Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa uliotokana na azimio la New York la mwaka 2016, mpango uliotaka wakimbizi wafanye kazi na kuishi pamoja na wenyeji. Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama na ukosefu wa fedha. Na sehemu ya fedha zilizopendekezwa ilikuwa mkopo. Nchi iliambiwa, kwa maneno mengine, ikope ili imkaribishe mgeni wa dunia nzima. Kukataa kulikuwa na haki yake. Ila aliyelipa si Benki ya Dunia wala si waziri. Mgeni alikuwa amepunguziwa posho, na jembe amekatazwa. Mwezi Juni 2023 posho ilishuka hadi nusu.

Hata ng'ambo ya ziwa Tanzania ilikuwa ikilipa. Tangu mwaka 2013 askari wake walikuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kivu, mkoa ambao watu wake wengi wako Nyarugusu. Na usiku mmoja wa Desemba 2017 wapatao 14 waliuawa kambini kwao Semuliki. Nchi zipelekazo askari hulipwa na Umoja wa Mataifa baada ya miezi mingi, kwa kuwa Umoja nao hungoja wadaiwa wake. Askari wa Umoja wa Afrika katika Somalia walikuwa na hali mbaya zaidi: posho zao zilitoka katika hazina ya Jumuiya ya Ulaya, ambayo mwaka 2016 ilizipunguza kwa moja ya tano, wakati maadui zao hawakupungua. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilikubali kwa azimio kwamba majeshi kama hayo yaweza kulipiwa, hata asilimia 75, kutoka mfuko wa lazima. Ilipofika Mei 2025, wakati wa kulitumia azimio hilo kwa Somalia, Marekani haikuridhia, na jeshi likarudi kupitisha bakuli.

Mwaka huo wa 2025 mifuko yote miwili ilipasuka pamoja. Marekani, iliyokuwa ikitoa kama asilimia 40 ya fedha za Shirika la Wakimbizi, ilipunguza misaada yake kwa ghafla. Shirika likafuta nafasi za kazi zipatazo 3,500. Oktoba Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba utapunguza robo ya walinzi wa amani katika vituo tisa. Bajeti ya walinzi hao, kwa mwaka uliokwisha Juni 2025, ilikuwa dola bilioni 5.6, katika mwaka 2024 mataifa yalikuwa yametumia katika majeshi yao wenyewe zaidi ya bilioni 2,700. Ni vigumu kuamini kwamba bega limechoka kwa ule mzigo mdogo.

Wakati huo Goma ilikuwa imekwisha kutekwa na waasi wa M23, Januari 2025, na Wakongo kwa makumi ya maelfu wakauvuka mto Rusizi kuingia Burundi, nchi ambayo kwa miaka 50 ilikuwa ikitoa wakimbizi. Waliofika walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengine wakapelekwa Musenyi, mahali palipoandaliwa watu 10,000 na pakazidiwa. Posho ya kuwatosha haikuwapo. Mwezi Machi wakimbizi wa zamani walioko Burundi walipunguziwa posho yao kwa nusu, ili nusu ya pili wapewe wale waliokuja.